Jifya Moja Haliinjiki Chungu: Wakristo wa Juba na Historia ya Kubebana



Kamati ya jumuiya iliponiomba niandike makala ya historia kwa toleo hili la kumbukumbu, nilikuwa bado nalitafakari swali la mwanafunzi wangu mmoja wa gredi ya sita. Siku hiyo nilikuwa nawaeleza watoto kwamba shirika la UNHCR lilianzishwa Desemba 1950, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kwamba mwanzoni lilishughulikia wakimbizi wa Ulaya. Mtoto akanyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, kabla ya UNHCR mtu akikimbia alikwenda kwa nani?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu tayari.

Makala haya ndiyo jibu langu. Nimechagua mji wa Juba kwa sababu wengi wetu tumetoka huko au tumepita huko. Tena nimeuchagua kwa sababu Wakristo wa mji ule waliachwa bila msaada wa nje zaidi ya mara moja. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Basi tuitazame dhiki ya Juba, tuone ni nani aliyefaa, na pia tukiri ni nani aliyeshindwa.

MSINGI WETU

Wakristo tunapozungumza juu ya kusaidiana, huwa tunakimbilia sura ya pili ya Matendo ya Mitume, pale waumini wa kwanza walipoweka mali zao pamoja. Mimi napenda zaidi sura ya kumi na moja. Huko tunasoma kwamba njaa ilitabiriwa, na waumini wa Antiokia wakachanga, kila mmoja kulingana na alichokuwa nacho, wakawapelekea ndugu wa Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Tuangalie vizuri ni akina nani waliochanga. Sura ya kumi na tatu inatutajia viongozi wa kanisa lile la Antiokia, na kati yao yumo Lukio wa Kirene, mji uliokuwa Afrika ya Kaskazini. Wengi wa kanisa lile hawakuwa watu wa kabila moja na wale waliosaidiwa. Mchango ule ulivuka mpaka wa kabila na wa lugha. Jambo hilo tuliweke akilini, maana ndilo litakalotupima mwishoni mwa makala haya.

GONDOKORO: WAGENI WALIOKUWA PEKE YAO

Kabla mji wa Juba haujakuwapo, palikuwa na mahali panapoitwa Gondokoro, upande wa mashariki wa mto Naili, kilomita chache tu kutoka Juba ya leo, katika nchi ya Wabari. Padri Angelo Vinco kutoka Italia aliishi miongoni mwa Wabari, akafa mwaka 1853. Mwaka huo huo Padri Ignaz Knoblecher, mzaliwa wa Slovenia, akaanzisha kituo cha misheni pale Gondokoro. Mapadri waliofuata walikufa mmoja baada ya mwingine kwa homa. Aidha, merikebu zilizokuja na watu wa msalaba zilifuatana na merikebu za wafanyabiashara wa pembe za ndovu na wa watumwa. Mbari aliyesimama ukingoni angewezaje kujua nani ni nani? Kufikia mwaka 1860 kituo kilifungwa.

Kijana mmoja aliyekuja Sudani wakati huo, Padri Daniel Comboni, aliona wenzake wakizikwa, naye akarudi Italia mwaka 1859 akiwa mgonjwa. Mwaka 1864 aliandika mpango wake wa kueneza Injili Afrika, na kiini cha mpango huo kilikuwa kwamba Afrika itaokolewa na Waafrika wenyewe. Alifariki Khartoum mwaka 1881, na mwaka 2003 akatangazwa mtakatifu.

Ninaeleza habari za Gondokoro kwa sababu ina fundisho kwetu. Watu wale hawakukosa imani wala ujasiri. Walikosa jamii. Mgeni akiugua, aliuguzwa na mgeni mwenzake aliyekuwa naye ana homa. Jifya moja haliinjiki chungu, na mafiga ya Gondokoro hayakutimia.

MJI UNAOKUSANYA WATU

Karne ya ishirini ilipoanza, wamishenari walirudi. Wakatoliki wa shirika la Comboni walianzia kwa Washilluk mwaka 1901, na Waanglikana wa CMS walifika Malek karibu na Bor mwaka 1906. Serikali ya Waingereza iliyagawa maeneo ya kusini: hapa Wakatoliki, pale Waanglikana, kule Wapresibiteri wa Marekani. Kwa hiyo dhehebu la mtu mara nyingi lilifuata kijiji alikozaliwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 makao ya serikali ya mkoa yalihamishwa kutoka Mongalla kwenda mahali papya, ndipo Juba ikaanza kukua. Mji ulihitaji makarani, maaskari, wauguzi, mafundi na wapagazi. Wakaja Wabari, Wamoru, Wakuku, Wadinka, Wanuer, Wazande, Walatuka na wengine. Mtu aliyekuwa amezoea kumwona Mkristo wa dhehebu lake tu, sasa alikuta mlango wa pili kuna Mkristo wa namna nyingine na lugha nyingine. Wakaelewana kwa Kiarabu cha Juba. Katika lugha hiyo jirani huitwa jiran, neno lile lile tunalolitumia sisi katika Kiswahili. Hata kile chama cha akina mama cha kuchangiana fedha kwa zamu, ambacho Watanzania hukiita upatu na ndugu zetu wa Congo hukiita likelemba, Juba huitwa sanduk, yaani sanduku.

Uhusiano na Afrika Mashariki nao ulikuwapo tangu zamani. Tarehe 15 Mei 1955, katika kanisa kuu la Namirembe mjini Kampala, maaskofu wanne Waafrika wa Kianglikana waliwekwa wakfu siku moja: Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya, Yohana Omari wa Tanganyika, na Daniel Deng Atong wa Sudani. Miezi mitatu baadaye, Agosti 1955, askari wa kusini waliasi Torit. Vita vya kwanza vikaanza kuchipua.

MWAKA 1964: WAMISHENARI WAFUKUZWA

Serikali ya Jenerali Ibrahim Abboud ilitaka kusini yote iwe na dini moja na lugha moja. Mwaka 1960 siku ya mapumziko ilihamishwa kutoka Jumapili hadi Ijumaa, na wanafunzi wakagoma. Mwaka 1962 ikatungwa sheria ya kuvibana vyama vya wamishenari. Hatimaye, mwishoni mwa Februari 1964, serikali iliamuru wamishenari wote wa kigeni waondoke kusini. Waliofukuzwa walikuwa karibu 300, Wakatoliki na Waprotestanti.

Waliondoka na ufunguo wa zahanati, ufunguo wa ghala na daftari la fedha. Mapadri na wachungaji wazalendo walikuwa wachache mno kwa nchi kubwa namna ile. Mtu wa hesabu angesema kanisa sasa limekwisha.

Halikuisha. Waliolibeba ni makatekista, wasomaji wa kanisa, akina mama na wazee wa kawaida, ambao wengi wao hawakuwa na mshahara. Walisali chini ya miti, wakafundisha watoto kwa kukariri kwa sababu vitabu havikuwapo, wakazika wafu wao, wakatembelea wagonjwa. Waumini hawakupungua, bali waliongezeka. Ule mpango wa Comboni wa miaka mia moja kabla ulitimizwa na amri ya serikali iliyotaka kulimaliza kanisa!

Nawaomba watumishi wa mashirika wasinielewe vibaya. Sisemi kwamba msaada hauna maana. Zahanati zilizofungwa ziligharimu maisha ya watu. Ninasema kwamba msaada ulipoondoka, ilionekana wazi ni kitu gani kilichokuwa kimejengwa ndani ya watu, na ni kitu gani kilikuwa ni jengo tu.

USIKU WA JULAI 1965

Mwaka uliofuata ulikuwa mbaya zaidi. Usiku wa tarehe 8 Julai 1965 askari wa serikali waliingia katika mitaa ya Juba, wakaua raia na kuchoma nyumba za nyasi. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu 1,400 waliouawa. Siku chache baadaye, huko Wau, watu waliuawa wakiwa katika sherehe ya arusi.

Waliosalimika walikimbilia porini, kisha Uganda, Congo na Ethiopia. Hapa ndipo ninapolikuta jibu la kwanza kwa mwanafunzi wangu. Mipaka ile iliwagawa watu waliokuwa ndugu tangu zamani. Wakuku, Wakakwa, Wamadi na Waacholi wako pande zote mbili za mpaka wa Uganda. Wazande wako Sudani na Congo. Mtu aliyekimbia alimwendea mtu wa lugha yake, na alipokosa wa lugha yake, alimwendea mtu wa imani yake. Alipewa pembe ya shamba alime, na mahali pa kusimamisha kibanda. Shirika la kimataifa lilifika baadaye, likawakuta watu wamekwisha kugawana mihogo.

Waliowapokea nao walikuwa maskini. Hapakuwa na tajiri hata mmoja katika habari hii.

AMANI YA 1972 NA JUMUIYA NDOGO NDOGO

Vita vya kwanza vilikoma kwa mkataba wa Addis Ababa wa Februari 1972. Wapatanishi walikuwa Baraza la Makanisa Ulimwenguni na Baraza la Makanisa ya Afrika Yote lenye makao yake Nairobi. Aliyeongoza mazungumzo ni Kasisi Burgess Carr, Mwanglikana wa Liberia, naye Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia akatia nguvu zake. Wakimbizi wakarudi. Mwaka 1976 Waanglikana wa Sudani wakawa jimbo kamili lenye askofu mkuu wake wa kwanza, Elinana Ngalamu, ambaye naye alikuwa ameyajua maisha ya uhamishoni.

Katika miaka hiyo hiyo kulitokea jambo ambalo magazeti hayakulipigia kelele. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA ambao Sudani ilijiunga nao mwaka 1973, walikutana Nairobi mwaka 1973 na tena 1976, wakaamua kwamba kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo: familia chache za jirani zinazokutana nyumbani, zinasoma Neno, halafu zinaulizana nani mgonjwa, nani amefiwa, mtoto wa nani hakwenda shule. Waanglikana nao walikuwa na umoja wao wa akina mama uliofanya kazi ile ile. Jumuiya hizi ndizo tunazoziona leo katika kila bloku ya kambi yetu. Hazikutungwa kambini. Zililetwa mgongoni, pamoja na sufuria.

JUBA YAZINGIRWA

Vita vya pili vilianza mwaka 1983. Mwaka huo huo Paulino Lukudu Loro alifanywa Askofu Mkuu wa Juba. Kadiri miaka ilivyopita, jeshi la SPLA liliushikilia upande wa nje wa mji na jeshi la serikali likaushikilia mji. Barabara zikafungwa au zikategwa mabomu. Watu wa vijijini wakamiminika mjini. Chakula kikategemea ndege. Mwaka 1988 shirika la Walutheri, LWF, lilianza kurusha chakula kutoka Nairobi hadi Juba. Ni shirika hilo hilo tulilolizoea hapa Kakuma. Ndege ikikosa kufika, mji ulilala na njaa.

Mwezi Juni na tena Julai 1992, SPLA waliingia mjini na kurudishwa nyuma. Baada ya hapo serikali ilianza kuwakamata watu wa kusini waliokuwa mjini: askari, polisi, watumishi wa serikali, hata wafanyakazi wa misaada. Wengi hawakuonekana tena.

Mama yangu mzazi alikuwa Juba mwaka huo. Anasimulia kwamba njaa waliizoea, lakini hofu ilikuwa kitu kingine. Jirani yake mmoja, mwanamke wa kabila jingine, mumewe alichukuliwa usiku. Kesho yake hakuna aliyeingia katika ua wake. Si kwa chuki. Kila mtu aliogopa kwamba akionekana mlangoni pale, na yeye ataandikwa. Yule mama alikaa siku tatu na watoto wake bila mtu kumpa pole.

Siku ya nne akina mama wa kanisa walishauriana. Walijua kwamba mmoja akienda peke yake ataulizwa amefuata nini. Wakaenda wote, mama anasema walikuwa zaidi ya ishirini, na rozari mikononi, kana kwamba ni sala ya kawaida ya jumuiya. Wakasali. Walipoondoka waliacha mtama kidogo, chumvi na kipande cha sabuni chini ya mkeka. Wakarudi kila juma, hata mama yule alipopata njia ya kuondoka mjini.

Mumewe hakurudi. Ninalisema hilo ili msomaji asidhani kwamba kusaidiana huondoa msiba. Hakuondoi. Lakini watoto wale walikula, na mama yao hakupoteza akili. Wale wanawake ishirini walifanya jambo ambalo hakuna mmoja wao angeweza kulifanya peke yake.

Mwaka ule ule wa 1992, hapa Kakuma, maelfu ya wavulana waliotembea kutoka Ethiopia kupitia Pochalla na Kapoeta walikuwa wanafika. Wakubwa wao walikuwa vijana wadogo tu, lakini waliwapikia na kuwalinda walio wadogo zaidi. Walijenga vibanda vyao kwa udongo na makuti, na karibu na vibanda wakajenga makanisa ya udongo. Kambi hii ilianza namna hiyo.

DESEMBA 2013: TULIPOSHINDWA

Historia isiyosema ukweli ni hadithi ya kulaza watoto. Basi hatuna budi kulitaja na hili.

Amani ilikuja kwa mkataba wa Januari 2005, na tarehe 9 Julai 2011 Sudani Kusini ikawa nchi huru. Sala za shukrani zilijaa kila kanisa. Haikupita hata miaka mitatu. Tarehe 15 Desemba 2013 ilikuwa siku ya Jumapili. Asubuhi watu wa Juba walisali, wengi wao kwenye mabenchi yale yale. Usiku risasi zikaanza kambini mwa jeshi, na siku zilizofuata watu wa kabila la Wanuer walitafutwa nyumba kwa nyumba na kuuawa. Kisha mauaji ya kulipiza yakawakuta Wadinka na wengine katika Bor, Malakal na Bentiu. Mjini Bor hata wanawake waliokimbilia kanisani waliuawa humo. Makumi ya maelfu walikimbilia katika ngome za kikosi cha Umoja wa Mataifa, wakaishi humo miaka mingi.

Walioua wengi wao walikuwa wamebatizwa. Walijua nyimbo zile zile. Hatuwezi kusema kwamba wote waliofanya hivyo ni wapagani, wala kwamba ni siasa tu. Yapo mambo ambayo makanisa yetu yaliyaacha yakue. Ibada kwa lugha ya mama ni baraka kubwa, maana mtu husali vizuri kwa lugha aliyonyonya. Lakini ikiwa Mkristo anasali na watu wa lugha yake, anachangiana nao, anazikana nao, na hajui hata jina la Mkristo wa upande wa pili wa barabara, basi ana ukoo wenye msalaba juu ya paa. Antiokia haikuwa hivyo.

Hata hivyo, katika siku zile zile wapo waliofanya kinyume. Wapo majirani waliowaficha majirani chini ya vitanda na darini, wakijua adhabu yake. Majina yao hayamo vitabuni, na pengine ni heri, kwa usalama wao. Wengi wa waliofichwa wangali hai, na baadhi wamo kambini humu.

Julai 2016, siku ambazo nchi ilipaswa kusherehekea miaka mitano ya uhuru, mapigano yalizuka tena Juba kuanzia tarehe 8 hadi 11. Mamia ya watu waliuawa. Safari hii makanisa yalifungua milango: kanisa kuu la Mtakatifu Theresa pale Kator lilipokea watu, na Wasalesiani wa Don Bosco kule Gumbo, ng'ambo ya daraja, ambao tangu mwaka 2014 walikuwa wakiwahifadhi waliokimbia, waliwapokea maelfu. Mwezi uliofuata, Agosti 2016, makazi ya Bidi Bidi yalifunguliwa Uganda, na ndani ya miezi michache yakawa moja ya makazi makubwa ya wakimbizi duniani.

Viongozi wa makanisa wameendelea kutukumbusha. Februari 2023 Papa Fransisko, aliyefariki Aprili 2025, alifika Juba pamoja na Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, na Msimamizi wa Kanisa la Scotland, Iain Greenshields. Wakuu watatu wa madhehebu matatu walifunga safari moja. Mimi niliguswa zaidi na vijana wa jimbo la Rumbek, ambao pamoja na askofu wao, Christian Carlassare, walitembea kwa miguu siku kadhaa hadi Juba, wakipita katika maeneo ya watu wasio wa kabila lao. Askofu huyo alikuwa amepigwa risasi miguuni mwaka 2021. Miguu ile ile ndiyo iliyokwenda.

SOMO KWETU KAMBINI

Sasa tuje nyumbani. Hakuna asiyekumbuka mwaka 2025. Mgao ulipunguzwa kuliko tulivyowahi kuona, kisha familia zikawekwa katika makundi: wengine wakapata zaidi, wengine kidogo, wengine hawakupata. Watoto walikuja darasani bila kula, na mchana wakalala juu ya madaftari. Kila mkazi anaijua hali hiyo, na watumishi wa mashirika waliokuwa wakituletea habari ile nao waliona aibu machoni.

Kikundi kimoja cha maombi ninachokifahamu, maana na mimi nimo, kilichanga mahindi, maharagwe na mafuta kidogo. Tukakaa kuamua wapewe nani. Likatajwa jina la mzee mmoja wa bloku ya pili, mgonjwa, anayekaa na wajukuu watatu. Mzee huyo ni wa kabila ambalo baadhi yetu tulilikimbia. Ukimya ukaingia. Mmoja akasema kwamba wana watu wao, waende kwao. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mimi ni mwalimu, ninafundisha watoto historia hii yote niliyoiandika hapo juu, na siku ile nilinyamaza. Ninaandika hivyo kwa aibu.

Aliyesema ni mama mmoja mzee. Alisema: "Mwaka 2016 nililala kanisani Kator. Usiku mtu alinipa maji. Sikuona uso wake. Mpaka leo sijui alikuwa kabila gani." Kisha akasogeza fungu lake katikati. Hakuongeza neno. Mzee wa bloku ya pili alipelekewa mahindi jioni ile. Watu wawili walijitoa katika kikundi, na mpaka ninapoandika bado hawajarudi. Sitaki kuipamba habari hii. Lakini wajukuu wale wanakuja shule, na mkubwa wao yumo darasani kwangu.

Kutokana na historia hii napendekeza mambo manne kwa kamati yetu na kwa makanisa yote ya kambi.

Kwanza, kila jumuiya ijue majina ya wagonjwa, wajane, wazee na watoto wasio na wazazi katika bloku yake yote, si wa kanisa lake tu. Msaada hauwezi kumfikia mtu ambaye hakuna anayelijua jina lake.

Pili, sanduk, chama, upatu au likelemba, kwa jina lolote tunaloliita, viwe na wanachama wa lugha zaidi ya moja. Watu wanaoaminiana kwa shilingi hawatoani roho kwa uvumi.

Tatu, tusiwasahau majirani zetu Waturkana, ambao ardhi hii ni yao na ambao ukame huwapiga sawa na sisi. Nao ni jirani.

Nne, kwa watumishi wa mashirika: mnapopanga mipango, waulizeni kwanza akina mama wa jumuiya. Wana orodha ambayo haimo katika kompyuta. Mara nyingi wanajua nyumba gani moto haujawashwa tangu juzi. Lakini msichukue kubebana kwetu kuwa sababu ya kupunguza mgao. Maskini anaweza kumbeba maskini mwenzake hatua kadhaa, si safari nzima.

HITIMISHO

Ndugu wasomaji, wamishenari wa Gondokoro walikuja na imani wakakosa jamii, na kituo kikafungwa. Wakristo wa Juba wa 1964 walinyang'anywa kila kitu isipokuwa jamii, na kanisa likabaki. Mwaka 2013 jamii ilifungiwa ndani ya kabila, na imani haikutosha kuzuia panga. Hiyo ndiyo historia kwa ufupi.

Nimerudi darasani na jibu. Nimemwambia mwanafunzi wangu kwamba kabla ya UNHCR mtu aliyekimbia alikwenda kwa mtu. Akafikiri kidogo, kisha akauliza: "Na kama mtu yule hamjui?"

Nikamwambia kwamba hilo ndilo swali ambalo sisi wakubwa bado tunalijibu. Na wewe msomaji, usiku mtu akibisha mlangoni mwako, jibu litakuwa mkononi mwako.

 

Mwalimu wa shule ya msingi, Kakuma